"Mama, ulishawahi kuchomwa bleomisini?" Swali la mtu wa usingizi lililonirudisha kwenye chuma na hewa

KutuNaChumvi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Jumanne nilimsindikiza shangazi kwenye kliniki ya wanaoandaliwa kwa operesheni. Ana mawe kwenye nyongo, anakwenda kutolewa. Mtu wa usingizi akapitia faili lake: sukari, presha, meno ya bandia, mzio. Alipofika kwenye mstari unaosema kwamba mwaka 2012 shangazi alitibiwa limfoma ya Hodgkin (saratani ya tezi), akaweka kalamu mezani.

"Mama, kwenye zile dawa, ulishawahi kuchomwa bleomisini?"

Shangazi akasema yeye anaikumbuka moja tu, ile nyekundu, iliyomfanya akojoe rangi ya juisi ya rozela. Daktari akatabasamu, akachukua kalamu ya wino mwekundu, akaandika juu ya faili kwa herufi kubwa: BLEO? O2!

Mimi nafundisha kemia sekondari. Ukiniwekea jina la dawa na O2 kwenye mstari mmoja umeniharibia wiki. Mtu kamaliza dawa miaka yote hiyo, leo anaogopewa oksijeni? Hii tunayovuta bure?

Nimesoma usiku nne mfululizo. Naweka hapa nilichokipata, nitashusha kidogo kidogo. Wajuzi mkinikuta nimepotea nirudisheni njiani.

Mlinzi wa Zamu

Nimewahi siti ya mbele. Shusha mkuu, ila kumbuka wengine kemia tuliiacha kidato cha pili kwenye misumari.

KutuNaChumvi

Misumari hiyohiyo ndiyo tunayoihitaji. Mnakumbuka: bomba la kwanza msumari na maji ya kawaida, la pili maji yaliyochemshwa na mafuta juu, la tatu hewa kavu. Baada ya wiki, wa kwanza tu ndio una kutu. Chuma peke yake hakifanyi kitu, hewa peke yake haifanyi kitu. Shikilieni hapo.

Bleomisini ni antibayotiki. Inatengenezwa na bakteria wa udongoni anayeitwa Streptomyces verticillus, ukoo uleule uliotupa streptomisini, zile sindano za TB wazee wetu wanazozikumbuka kwa makalio. Aliyeipata ni Mjapani Hamao Umezawa na wenzake jijini Tokyo, wakaitangaza mwaka 1966. Huyu ndiye aliyekuwa ameshaleta kanamisini mwaka 1957, kwa hiyo kuchokonoa udongo ilikuwa kazi yake ya kila siku. Hii mpya ilikuwa na makali mno kuwa antibayotiki ya kawaida, lakini ikaonekana inazuia uvimbe wa saratani.

Sasa kitu kilichonikamata: ilipotolewa kwenye mchuzi wa bakteria ilikuwa ya buluu. Buluu ya nini? Ya shaba. Molekuli hii imeumbwa kukumbatia metali, na ilipokutana na shaba kwenye ule mchuzi ikaidaka. Kiwandani shaba hutolewa, na poda inayobaki kichupani ni nyeupe au ya manjano kwa mbali. Ukiichanganya na maji inakuwa maji tu. Na ikiwa hivyo, bila metali, haikati chochote. Ni panga la bapa.

Makali inayapata mwilini, kwenye chuma.

Dispensa

Nathibitisha hapo kwenye poda. Nimeichanganya miaka mingi. Inakaa friji, nyuzi 2 hadi 8. Ukiiona unaweza kudhani ni maziwa ya unga yaliyoganda chini ya kichupa.

KutuNaChumvi

Asante Dispensa. Tuendelee na chuma.

Molekuli ya bleomisini ni ndefu, uzito wake unazidi kidogo 1,400, na ina sehemu kama tatu. Mkia wenye pete mbili za thiazoli ndio unaojibandika kwenye DNA. Pembeni kuna sukari mbili. Kichwani kuna atomu za naitrojeni zilizopangwa kama vidole vya mkono. Ioni ya chuma yenye chaji mbili ikifika, naitrojeni tano zinaishika. Chuma kina nafasi sita. Ya sita inabaki wazi, na hapo ndipo oksijeni inapokaa.

Wanaofundisha bailojia wamesikia kengele? Naitrojeni tano na nafasi ya sita kwa oksijeni: hiyo ni himoglobini! Kwenye himoglobini chuma kinashikwa na naitrojeni nne za hemu na moja ya histidini, oksijeni inakaa ya sita. Hesabu ni ileile. Tofauti ni kwamba kwenye damu chuma kimefichwa ndani ya mfuko wa protini, oksijeni inapanda mapafuni, inashuka kwenye misuli, kama abiria wa daladala aliyelipa nauli. Kwenye bleomisini chuma kiko barazani. Oksijeni ikishakaa, inakuja elektroni moja zaidi, na abiria anageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Mwaka 1976 Sausville, Peisach na Horwitz walionyesha kwamba bila chuma cha chaji mbili na bila oksijeni DNA haikatwi. Ndiyo misumari yetu ileile.

Na ule ugeukaji ndio huu: chuma na oksijeni vinatoa radikali za haidroksili, ambazo zinararua chochote kilicho karibu, ikiwemo DNA. Ni mmenyuko ule aliouona Fenton mwaka 1894 kwa chuma na peroksidi ya haidrojeni.

Binti Maabara

Mwalimu, umekuja vizuri mpaka hapo mwisho. Hapo umeteleza, na vitabu vingi vinateleza pamoja nawe.

Radikali ya haidroksili ni mwendawazimu mwenye panga sokoni, anakata aliye karibu. Ingekuwa ndiyo inayofanya kazi, tungeona besi (zile herufi) za DNA zimechomwa, sukari imeshambuliwa kila upande, protini nazo zimeguswa. Kwa bleomisini hatuoni hivyo. Inapenda sehemu ambazo besi ya guanini inafuatwa na sitosini au thaimini. Ikifika hapo, inang'oa haidrojeni moja tu, iliyo kwenye kaboni ya nne ya sukari ya deoksiribosi. Huyo si mwendawazimu, ni fundi saa.

Kinachofanya kazi kina jina lake, bleomisini iliyoamshwa. Burger, Peisach na Horwitz walieleza habari zake mwaka 1981. Ni chuma chenye chaji tatu kilichobeba peroksidi yenye haidrojeni moja: chuma, oksijeni, oksijeni, haidrojeni, vimefuatana. Kinaundwa hivi: chuma cha chaji mbili kinapokea oksijeni, halafu inaongezeka elektroni moja na protoni moja. Elektroni inaweza kutoka kwa bleomisini nyingine yenye chuma, au kwa vitu vya ndani ya seli vinavyotoa elektroni. Kuna njia ya mkato pia: chukua bleomisini yenye chuma cha chaji tatu, mwagia peroksidi ya haidrojeni, unapata kitu kilekile. Hata kwenye barafu kinaishi dakika chache tu.

KutuNaChumvi

Nimepokea kofi. Nafuta ile aya ya Fenton. Nikiifuta uzi utachanganya, basi naiacha iwe ushahidi.

Halafu haidrojeni ikishang'olewa?

Binti Maabara

Ndipo oksijeni inaitwa mara ya pili, na wengi hawalijui hili. Ya kwanza ilikuwa ya kuamsha dawa. Sukari ikishapoteza haidrojeni inabaki na jeraha wazi, na hapo njia zinagawanyika.

Kukiwa na oksijeni nyingine karibu, inaingia kwenye jeraha lenyewe, na sukari ya kaboni tano inavunjika tatu kwa mbili. Tatu zinaondoka na besi, mbili zinabaki zimening'inia kwenye fosfati. Uzi wa DNA umekatika, na ncha iliyobaki ni chafu, seli haiwezi kuiunga bila kuisafisha kwanza. Oksijeni ya pili isipokuwepo, uzi haukatiki palepale, besi inadondoka na kuacha pengo, kama jino lililong'oka.

Mara nyingine dawa haiondoki. Inaamshwa tena papo hapo na kukata uzi wa pili unaotazamana na wa kwanza. Pande zote mbili zikikatika karibu karibu, seli imepatikana. Kwa hiyo dawa haihitaji kuwa nyingi ndani ya seli. Na ni bahati, maana yenyewe ina chaji na umbo kubwa, kupenya utando wa seli ni taabu.

Mlinzi wa Zamu

Kwa hiyo kikulacho ki nguoni mwako. Chuma ni chako, hewa ni yako, yeye kaja na mikono mitupu.

Mama Ntilie Msomi

Jamani samahani kuingilia wasomi. Mdogo wangu anatumia bleo na dawa ya vinkristini kwa ajili ya saratani ya Kaposi. Damu yake iko chini, kaandikiwa vidonge vya kuongeza damu, na mimi kila siku namsagia rozela na bitruti. Sasa nyie mnasema chuma ndicho kinaipa dawa makali. Je, namsaidia au namuua? Sijalala toka nimesoma huu uzi.

Dispensa

Dada, lala. Kwanza vidonge alivyoandikiwa asiache bila kumwona daktari wake. Pili, aende na orodha ya kila anachotumia, rozela ikiwemo, awaonyeshe palepale kliniki.

Binti Maabara, mweleze ule mtihani wa rangi ya waridi, unamhusu.

Binti Maabara

Raha iliyoje, kuna mtu anaukumbuka.

Dada Msomi, mwili wa mtu mzima una chuma gramu 3 hadi 4, kama msumari mmoja. Sehemu kubwa imo kwenye himoglobini. Kinachosafiri kwenye majimaji ya damu kimeshikwa na protini inayoitwa transferini, na kwa mtu mzima wa afya protini hiyo imejaa kama theluthi moja tu. Viti vitupu ni vingi. Chuma kikitoka tumboni kinadakwa kabla hakijazurura.

Tunajuaje? Kwa dawa hii hii! Mwaka 1981 Gutteridge, Rowley na Halliwell waligeuza kibao. Walisema, kama bleomisini haikati DNA bila chuma, basi itumike kutafuta chuma kinachozurura. Unachukua sampuli, unatia DNA, unatia bleomisini, unatia vitamini C ya kutoa elektroni. Kama kuna chuma kisicho na mwenyewe, DNA itakatwa, na zile kaboni tatu zilizoondoka na besi ukizichemsha na asidi ya thiobarbituriki zinatoa rangi ya waridi. Unaisoma kwenye mashine kwa nanomita 532. Bila chuma huru, hakuna waridi.

Nimewahi kuufanya nikiwa chuoni. Siku ya kwanza mabomba yangu yote yaling'ara waridi, hata lile la maji matupu. Msimamizi akacheka, akaniuliza vyombo nimesuuzia maji gani. Kumbe chuma kilikuwa kwenye maji na kwenye kemikali zenyewe. Kuna chuma kila mahali isipokuwa pale unapodhani kipo: majimaji ya damu ya mtu mwenye afya hayatoi rangi.

Sasa glasi moja ya rozela haiendi kuinoa dawa kama panga kwenye jiwe. Ndani ya seli dawa inapata chuma chake kwenye akiba ndogo ya seli yenyewe. Vidonge vikali vya vitamini C vya kujinunulia ndivyo ambavyo nisingevigusa bila kuuliza.

Mama Ntilie Msomi

Mungu akubariki. Nimeelewa hapo kwenye viti vitupu.

Jirani wa Namanga

Niulize kitu hapa. Kama hii dawa ni kali hivyo, mbona inaumiza mapafu na ngozi zaidi ya sehemu zingine? Beshte yangu alipopewa alitoka michirizi mgongoni mpaka watu wakafikiri amecharazwa viboko.

Dispensa

Hiyo michirizi inajulikana, mara nyingi inaacha weusi.

Sababu kubwa ni kimeng'enya. Seli zetu zina kimeng'enya cha kuivunja bleomisini, kinakata amaidi moja pale kichwani, kwenye ile mikono inayoshika chuma. Dawa inabaki, lakini imelemazwa. Ini linacho kwa wingi. Mapafu na ngozi vinacho kidogo sana. Ongeza na kwamba pafu ndilo linalokaa na oksijeni uso kwa uso. Kama asilimia 10 ya wanaotumia hupata madhara ya mapafu, na kwa karibu 1 kati ya 100 yanaua. Hatari inapanda jumla ikizidi yuniti 400, kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 70, na kwa wenye figo mbovu, kwa sababu zaidi ya nusu ya dawa inatoka kwa mkojo.

Ndiyo maana Lance Armstrong, yule wa baiskeli, alipougua saratani ya korodani mwaka 1996, baada ya mzunguko wa kwanza alihamishiwa mchanganyiko usio na bleomisini. Mapafu yalikuwa mtaji wake. Lakini msiitukane dawa. Einhorn na Donohue walipoiunganisha na sisplatini na vinblastini mwaka 1977, saratani ya korodani iliyosambaa ikaanza kupona kwa watu wengi. Kwa Kaposi huku kwetu imebeba watu miaka mingi, ingawa utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha Kenya na Uganda pia, uliipa ushindi dawa nyingine, paklitaksoli.

KutuNaChumvi

Basi nadhani hesabu imefunga. Pafu halina kimeng'enya, dawa imejificha humo na chuma chake, mtu wa usingizi akifungulia mtungi, oksijeni inaingia, bleomisini inaamka. Ndiyo maana ya BLEO? O2!

MtuWaUsingizi

Nimekuwa nasoma kimya tangu juzi. Mwalimu, kemia yako tamu, lakini hapo umeivusha mto ambao haina mtumbwi wake.

Bleomisini haikai. Kwa mwenye figo nzima nusu yake inaondoka damuni kwa saa chache. Shangazi yako alichomwa 2012. Hakuna dawa iliyolala kwenye pafu lake ikingoja mtungi wangu. Kinachoweza kubaki ni pafu lenyewe, kama lilijeruhiwa na kupona kwa kovu. Pafu la namna hiyo tunahofia halivumilii oksijeni nyingi, ambayo hata kwa pafu zima ikizidi na ikikaa muda mrefu ni sumu. Chuma na oksijeni vinaeleza jeraha lilivyoingia. Hofu yangu ya leo ina chanzo kingine.

Chanzo chake ni cha mwaka 1978. Goldiner na wenzake kule New York waliandika kuhusu wagonjwa watano waliowahi kupata bleomisini, wakafanyiwa operesheni kubwa, wote watano wakafa kwa mapafu kushindwa. Walikuwa wamevuta oksijeni ya wastani wa asilimia 39. Waliofuata, 12, walipewa kama asilimia 24, wakapona. Tangu hapo kila mwanafunzi wa usingizi anafundishwa: bleo, punguza oksijeni.

Ila soma kwa jicho kali. Wale 12 hawakupunguziwa oksijeni peke yake, hata maji ya dripu yalibanwa. Mwaka 1998 Donat na Levy walipitia wagonjwa 77, wakakuta kilichosumbua zaidi ni maji na damu walivyoongezewa, kuliko kiasi cha oksijeni. Ubishi haujaisha. Mimi ninachofanya ni kumpa oksijeni inayomtosha, nisimjaze, na dripu nayo naipimia. Na mgonjwa oksijeni yake ya damu ikishuka, nampa bila kuuliza historia. Mtu asije akasoma uzi huu akamnyima ndugu yake oksijeni kwenye dharura.

Nenda ukatafute kadi yake ya zamani. Nahitaji jumla ya dozi.

KutuNaChumvi

Kofi la pili hilo, nalipokea kwa shingo upande. Nilikuwa nimeipenda ile hadithi.

Kadi imepatikana. Ilikuwa chini ya sanduku la kanga, imefungwa ndani ya mfuko wa sukari. Mistari 12, ABVD (mchanganyiko wa dawa nne, B ndiyo bleomisini), kila wiki mbili. Lakini nimeshtuka: mistari saba imeandikwa "Bleo 15". Mitano ya mwisho imeandikwa "Bleo 15,000". Wakuu, mkono unatetemeka. Alizidishiwa mara elfu?

Dispensa

Vuta pumzi. Hajazidishiwa. Hii dawa ina vipimo viwili. Yuniti moja ya Kimarekani ni sawa na yuniti 1,000 za kimataifa. Kichupa kilekile, boksi moja linaandika 15, lingine linaandika 15,000. Yaelekea katikati ya matibabu shehena ilibadilika na nesi akanakili kilichoandikwa kwenye boksi. Ni kosa la uandishi linalotisha, na mahali pengine limetisha kweli, ila hapa dozi ni moja.

12 mara 15 ni 180. Yuko mbali na 400.

MtuWaUsingizi

180, na figo?

KutuNaChumvi

Majibu ya figo ya wiki iliyopita ni mazuri. Anapanda ghorofa mbili bila kuhema, ananisubiri mimi juu.

MtuWaUsingizi

Piga picha kadi pande zote mbili, na umwandikie mwenzangu kwa wino wowote: bleomisini yuniti 180, ya mwisho lini. Tarehe muhimu.

KutuNaChumvi

Novemba 2012. Nimeandika. Shangazi anauliza kama kwenye hiyo karatasi naweza kuongeza kwamba hataki kuamshwa na maji ya baridi.